Kufufua vifundo vya mbele vya Land Cruiser ya zamani ukiwa nyumbani

Chungulia nyuma ya tairi la mbele la Land Cruiser yoyote iliyokula barabara za vumbi. Ekseli inapoishia utaona tufe la chuma lenye ukubwa wa nazi iliyofuliwa, na limekumbatiwa na kifundo kinachogeuka pamoja na tairi. Tufe likiwa na utando mwembamba wa grisi, kama mkono uliopakwa mafuta ya nazi, hapo pako salama. Likiwa linachuruzika supu nyeusi iliyoganda vumbi, na michirizi imefika hadi ndani ya rimu, kuna kazi inakusubiri, na si ile ambayo gereji nyingi huifanya.

Kinachofanyika mara nyingi ni kubadilisha mpira na kitambaa vya nje vinavyofuta tufe, kisha gari linarudishwa kwa mwenyewe. Baada ya miezi mitatu supu imerudi, kwa sababu haikuanzia nje. Ndani kabisa, shafti inapoingia kwenye bomba la ekseli, kuna sili moja ndogo inayotenganisha oili ya difu (boksi la gia linalogawa nguvu kwa matairi mawili) na grisi ya kifundo. Ikichoka, oili hupita, grisi huyeyuka na kuwa uji, na mpira wa nje haukutengenezwa kuzuia uji. Mwongozo huu unaanzia kwenye sili hiyo na kutoka nje.

Maelezo yanahusu ekseli nzima ya mbele ya Land Cruiser 80 (lile shangingi la 1990 hadi 1997), na utaratibu ni uleule kwa 60, kwa 70 na 75 za kuanzia 1984, kwa 105, na kwa Hilux za ekseli nzima za kabla ya 1997. Vipimo vya kukaza vilivyoandikwa hapa ni vya 80. Kwa gari jingine fuata hatua hizi lakini vipimo uvitoe kwenye kitabu cha gari lako. Land Cruiser 100 yenye miguu ya mbele inayojitegemea haihusiki kabisa.

Kujua kinachoumwa kabla ya kushika spana

Chukua kitambaa cheupe, ufute tufe, kisha unuse. Oili ya difu ina harufu kali ya kiberiti ambayo haifichiki. Ukiinusa, sili ya ndani imekwisha. Ukipata grisi nzito isiyo na harufu hiyo, mpira wa nje peke yake ndio uliochakaa.

Sasa inua upande mmoja mpaka tairi liache ardhi. Mkono mmoja ushike juu ya tairi na mwingine chini, usukume na kuvuta. Likicheza, mwite mtu akanyage breki huku unaendelea kutikisa. Mchezo ukipotea breki ikikanyagwa, beringi za gurudumu zimelegea. Ukibaki, beringi za kingpini ndizo zilizokwisha, yaani zile mbili za juu na chini ambazo kifundo huzungukia. Jaribio hili halichukui dakika mbili, na watu wengi wamenunua beringi za gurudumu bure kwa kutolifanya.

Kisha shika tairi kulia na kushoto. Mchezo wa hapo kwa kawaida ni wa tai rodi endi (kiungo cha mwisho wa fimbo ya usukani).

Kwa sivi-jointi (kiungo cha gololi kinachozungusha tairi hata likiwa limekatwa kona), tafuta uwanja mtupu, kata usukani mpaka mwisho, ondoka polepole huku umekanyaga mafuta kidogo. Sauti ya ka-ka-ka inayoongezeka kadiri unavyoongeza mafuta ni ya jointi. Gari lenye vifungio vya habu (kitovu cha gurudumu) vya mkono vifunge kwanza na uweke 4H (magurudumu manne, gia ya juu), la sivyo shafti haina mzigo na hutasikia kitu. Jaribio hilo la 4H lifanyie kwenye mchanga au udongo, si kwenye lami.

Kuna dalili moja inayopuuzwa. Usukani unaoganda kidogo ukiwa umenyooka, kana kwamba umeingia kwenye mfereji, na gari linatetemeka mbele likipita tuta kwa kasi fulani. Beringi za kingpini hukaa mahali pamoja karibu muda wote, kwa hiyo mapigo ya barabara huchimba vidimbwi kwenye kikombe cha beringi, na vijiti vyake hutumbukia humo kila usukani unaponyooka. Kukaza zaidi hakusaidii. Beringi zinabadilishwa.

Vifaa na spea

Kwa pande zote mbili andaa:

- Seti 2 za mpira, kitambaa na pete ya kifundo
- Sili 2 za ndani za shafti
- Sili 2 za habu
- Beringi 4 za kingpini pamoja na vikombe vyake
- Beringi za gurudumu: 2 kubwa za ndani na 2 ndogo za nje, pamoja na vikombe, kama za zamani zina doa
- Gaskiti za stabu (bomba fupi ambalo habu hukalia) na za flanji (sahani inayounganisha shafti na habu), washa 2 za kufungia nati za habu, sakilipu 2 mpya (pete za kushikilia ncha ya shafti)
- Grisi yenye molibdenamu, namba 2: kilo 1 kwa vifundo viwili
- Grisi ya beringi za gurudumu inayostahimili joto: nusu kilo
- Oili ya difu 90 au 85W-90 ya daraja la GL-5: lita 3
- Kisafishio cha breki, mafuta ya taa lita 5, matambara mengi kuliko unavyodhani

Seti kamili huuzwa katika boksi moja Kariakoo, Kirinyaga Road ya Nairobi au Kisekka ya Kampala. Boksi lenyewe si tatizo, ila fungua uangalie kilichomo. Sili nzuri ina mdomo laini unaonyumbulika na springi nyembamba iliyokaa sawa kwenye mfereji wake. Sili ngumu kama sandali ya tairi itavuja mwezi huohuo. Ukibana matumizi, bana kwenye vitambaa na gaskiti. Sili ya ndani na beringi za kingpini nunua zile bora kabisa unazoweza kuzipata. Beringi nyingi zilizotoka kiwandani na magari haya ni Koyo, na hiyo ndiyo inayoigwa zaidi. Linganisha maandishi yaliyochongwa kwenye chuma na ya ile uliyoitoa, usiishie kusoma karatasi.

Vyombo: soketi ya milimita 54 yenye kuta nyembamba kwa nati za habu, koleo la sakilipu, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm), kipande cha shaba cha kugongea, nyundo, jeki ya kueleweka na stendi mbili. Zaidi ya hivyo, ile mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki. Ndiyo itakayokupimia mkazo wa beringi, na bila hiyo unakisia.

Soketi ya 54 iazime au uinunue, lakini usikubali patasi na nyundo. Nati ikigongwa kwa patasi humwaga vipande vya chuma vidogo kama chumvi, na vinaingia moja kwa moja kwenye beringi mpya. Ukifungua habu ukakuta nati zina makovu pembeni, aliyekutangulia alitumia patasi, nawe kagua beringi kwa jicho la pili.

Kufungua

Gari liwe juu ya sakafu ngumu. Weka kabari nyuma na mbele ya matairi ya nyuma, vuta breki ya mkono, inua, kisha shusha ekseli juu ya stendi. Tofali na mawe havifai hata kwa dakika moja. Tofali halilegei taratibu ukaliona, linapasuka.

Fanya upande mmoja hadi uishe ndipo uende wa pili. Difu haiko katikati, hivyo shafti za ndani hazina urefu sawa, na upande ambao hujaugusa unabaki kuwa mwalimu wako ukisahau kitu kilikaaje.

Toa tairi. Fungua bolti mbili za kalipa (kibano cha breki), uining'inize kwa waya kwenye springi. Ikining'inia kwa hosi yake, hosi hupasuka kwa ndani na utagundua siku breki zitakapogoma kuachia. Kama gari lina waya wa ABS, utoe mapema.

Fungua kifuniko cha katikati cha flanji (au kifungio cha habu) na utoe sakilipu iliyo mwisho wa shafti. Kisha legeza nati za flanji, lakini usizitoe kabisa. Chini ya kila nati kuna washa ya koni iliyokaba. Gonga flanji pembeni kwa kipande cha shaba, mapigo makavu, mpaka koni zirukie kwenye nati. Kugonga ncha za stadi (bolti zisizo na kichwa) zenyewe ni kuharibu uzi. Flanji ikikataa, ina matundu mawili yenye uzi: ingiza bolti mbili, kaza kwa zamu, itatoka.

Nyoosha ulimi wa washa ya kufungia, toa nati ya nje kwa soketi ya 54, kisha washa, nati ya ndani, na washa bapa. Vuta habu pamoja na disiki huku kidole gumba kikizuia beringi ndogo isidondoke mchangani. Sasa unaiona stabu, lile bomba fupi ambalo habu ilikuwa imekalia, likiwa limeshikwa na bolti 8. Zitoe na uigonge kwa shaba mpaka iachie. Weka beseni chini, kwa sababu supu yote iko nyuma yake.

Jointi imekatwa bapa pande mbili. Zungusha shafti mpaka sehemu bapa ziwe moja juu na moja chini, kisha uivute ikiwa imenyooka. Ikikwama usivute kwa hasira. Geuza kidogo, itapita.

Toa tai rodi endi. Fungua vibati vya nyuma ya kifundo (bolti 8 ndogo), halafu nati 4 za kofia ya juu na 4 za mkono wa usukani ulio chini. Hapa pia kuna washa za koni. Kofia itakapotoka utaona bati nyembamba chini yake. Hizo ni shimu, na ndizo zinazopanga mkazo wa beringi na kuweka kifundo katikati ya tufe. Za juu zifunge kwa waya na uandike JUU, za chini uandike CHINI. Zikichanganyika, kazi ya saa moja inageuka ya siku nzima.

Kabla ya kutupa mpira na kitambaa cha zamani, piga picha ya mpangilio wake, kipi kilitangulia na kilitazama wapi.

Kusafisha na kukagua

Kazi chafu ndiyo inayoamua kila kitu hapa. Ziba mdomo wa bomba la ekseli kwa tambara ili uchafu usiende kwenye difu, na ukumbuke kulitoa. Osha kwa mafuta ya taa au dizeli. Petroli iache kwenye tangi.

Tufe likishakuwa safi, lipitishie ukucha. Kutu ndogo isugue kwa msasa laini wa maji. Mashimo yanayokwaruza ukucha yatatafuna mpira mpya.

Angalia mahali sili ya ndani inapokaa kwenye shafti. Mstari unaong'aa ni kawaida. Mfereji unaoshika ukucha unamaanisha hata sili mpya itavuja palepale, kwa hiyo tafuta shafti nyingine nzuri ya mtumba.

Ndani ya stabu kuna bushi ya shaba. Ingiza jointi uitikise. Ikicheza kwa kuonekana, badilisha bushi. Ikilegea, shafti huyumba, na sili ya ndani inalika tena kabla ya wakati.

Jointi yenyewe ifungue. Shika shafti ya ndani ikitazama chini ndani ya bomba zito la chuma, mdomo wa bomba ukiegemea kiini cha jointi chenye umbo la nyota, na upige bomba chini kwa nguvu. Pete ya ndani itaachia. Tembeza kiota (pete inayoshika gololi) na utoe gololi zote 6. Njia za gololi zikiwa na rangi ya kung'aa tu, jointi ina maisha. Zikiwa na ngazi, au chuma kinabanduka vijigamba, imekwisha.

Jointi ambazo hazijafikia kubanduka lakini zinaanza kulia zinaweza kuhamishwa, ya kulia ikaenda kushoto. Gari likienda mbele, gololi husukuma upande mmoja wa njia yake, na kwa kuzihamisha unatumia upande ambao haujachoka. Hamisha jointi pekee. Shafti za ndani zinabaki upande wake.

Vikombe vya kingpini vitoe kwa kugonga kutoka ndani, mapigo madogo kwa zamu kulia na kushoto. Hata kama unaviona vizima, usiweke beringi mpya ndani ya kikombe cha zamani.

Kufunga kingpini na kupima mkazo

Gonga vikombe vipya viingie. Sauti ya nyundo hubadilika na kuwa kavu kikombe kinapofika mwisho. Shindilia grisi ndani ya beringi kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili, uzikalishe juu na chini.

Sasa simama. Pete, mpira na kitambaa lazima vivalishwe kwenye bomba la ekseli kabla ya kifundo kurudi. Haviwezi kupita baadaye, na kila anayefanya kazi hii huvisahau angalau mara moja. Vivalishe vining'inie tu kwa sasa.

Rudisha kifundo, mkono wa chini na shimu zake, kofia ya juu na shimu zake. Hakikisha ncha za kingpini zimeingia kwenye matundu ya beringi kabla ya kukaza. Nati kaza kwa 96 Nm, kwa msalaba.

Pima kabla ya kufunga vibati vya nyuma, kabla ya shafti, kabla ya tai rodi. Zungusha kifundo mara kadhaa ili beringi zikae. Chomeka ndoano ya mizani kwenye tundu la tai rodi endi na uvute kwa pembe mraba. Mizani isome kati ya kilo 3 na 6 kifundo kinapoanza kugeuka. Chini ya hapo, punguza shimu. Juu ya hapo, ongeza. Shimu nyembamba kabisa ya milimita 0.1 hubadilisha usomaji kwa kiasi cha kuonekana, basi usitoe mbili kwa mpigo. Beringi zikiwa za kiwango kilekile cha mwanzo, mara nyingi shimu zilezile zinatosha bila kuguswa.

Mkazo ukiwa mdogo, ule mtetemo wa mbele utarudi. Ukizidi, usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na dereva anachoka kabla ya gari.

Sili ya ndani, shafti, na kiasi cha grisi

Sili mpya inaingia mdomo wenye springi ukitazama difu. Paka oili pembeni, uisukume kwa soketi kubwa au kipande cha bomba kinachogusa ukingo wake tu, iingie sawa kuzunguka pande zote. Iliyopinda hata kidogo itoe uweke nyingine. Mdomo wake upake grisi.

Ingiza shafti ukiwa umeibeba kwa mikono miwili. Meno ya shafti yakiburuzwa juu ya mdomo wa sili, umeikata, na umerudi pale ulipoanzia. Ikifika difu izungushe taratibu hadi meno yashikane, kisha isukume.

Grisi ya jointi ni ile ya molibdenamu. Ishindilie katikati ya gololi mpaka hewa yote itoke, halafu ujaze uwazi wa kifundo hadi robo tatu. Usijaze hadi juu: grisi ikipata joto hupanuka, na ikikosa nafasi hutafuta njia kwenye mpira. Kwa upande mmoja ni karibu nusu kilo. Juu ya kifundo kuna plagi ndogo ya kuongezea grisi siku zijazo. Kuna wanaomimina oili ya difu humo ili kulainisha. Wanatengeneza kwa hiari ileile supu tuliyokuja kuiondoa.

Rudisha stabu na gaskiti mpya, bolti kwa 47 Nm, kisha vibati vya nyuma vikiwa vimebana mpira sawasawa. Tai rodi endi 91 Nm na pini mpya.

Habu

Jaza beringi za gurudumu kwa grisi ya joto, weka ile kubwa, gonga sili ya habu, na upake grisi ndani ya habu kuzunguka ukuta. Disiki iliyoguswa na oili ioshe kwa kisafishio cha breki. Pedi zilizolowa oili hazioshwi zikapona, zitupe.

Vaa habu, beringi ndogo, washa bapa, nati ya ndani. Kaza kwa 59 Nm huku ukizungusha habu kwenda na kurudi, ilegeze kabisa, kisha ikaze tena kwa 5.4 Nm. Chomeka mizani kwenye stadi ya tairi na uvute. Habu ianze kugeuka kati ya kilo 3 na 5.5 hivi. Mara nyingi ile 5.4 Nm peke yake haikufikishi huko, hasa grisi ikiwa mpya na nati ikisugua, kwa hiyo mizani ndiyo ifuatwe. Ongeza kidogokidogo mpaka isome.

Weka washa ya kufungia, nati ya nje kwa 64 Nm, pima tena kwa mizani kwa kuwa nati ya nje husukuma ile ya ndani, kisha kunja ulimi mmoja wa washa ndani na mwingine nje.

Flanji na gaskiti yake, washa za koni, nati kwa 35 Nm. Mwisho wa shafti kuna tundu lenye uzi: ingiza bolti ya milimita 8, uvute shafti nje, na sakilipu itaingia kwenye mfereji wake bila kugombana. Kalipa 123 Nm. Nati za tairi lenye rimu ya chuma 147 Nm.

Kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kusogeza gari. Pistoni zilirudi nyuma, na kanyagio la kwanza litazama hadi sakafuni.

Kipumulio, chanzo ambacho hakuna anayekitazama

Hata sili mpya itavuja kama ekseli haipumui. Juu ya bomba la ekseli kuna kipumulio kidogo. Difu ikipata moto, hewa ndani hupanuka, na kipumulio kikiwa kimeziba kwa tope, msukumo huo hutafuta sehemu dhaifu, ambayo ni sili za ndani. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Gari limetoka mwendo mrefu, difu ni la moto, linaingia mtoni wakati wa masika. Hewa hupoa ghafla, hujivuta, na maji yanafyonzwa kupitia midomo ya sili. Fungua plagi ya difu wiki inayofuata utakuta oili rangi ya chai ya maziwa.

Haya ni mabadiliko ya bei ndogo na yenye faida kubwa kuliko taa na mapambo yote. Toa kipumulio, kipeleke dukani upate nipeli yenye uzi uleule na shingo ya hosi. Funga hosi ya mafuta yenye uwazi wa milimita 8, uifunge kwa klipu, uipandishe kando ya chasisi hadi juu kwenye ukuta wa injini, na mwisho wake weka kichujio kidogo cha mafuta cha plastiki au ugeuze mdomo chini. Acha ulegevu wa kutosha mahali ekseli inapopanda na kushuka, na uiweke mbali na bomba la moshi. Fanya hivyo nyuma pia, na kwenye giaboksi kama kipumulio chake kiko chini. Mkonga wa hewa unaokufikisha kwenye maji ya kina haukusaidii kitu kama difu inakunywa.

Baadaye mwaga oili ya difu ya mbele na ujaze mpya mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limesimama sawa. Kwa 80 isiyo na kifungio cha difu ni lita 2.8.

Kilomita 500 za kwanza

Baada ya kilomita 20 gusa habu zote mbili kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu ni sawa. Habu isiyogusika imekazwa mno, au kalipa imeshika. Zungusha tairi ukiwa umeinua gari utajua ni ipi.

Baada ya kilomita 500 rudia kukaza nati 8 za kingpini kwa 96 Nm. Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, na ni hatari kuiruka. Gaskiti na shimu hukaa, nati hulegea kidogo, mkono wa usukani unaanza kusugua juu ya stadi zake, na stadi hukatika moja baada ya nyingine bila kelele. Ya mwisho ikikatika, tairi la upande huo halisikilizi tena usukani. Ukikuta moja imelegea mara mbili mfululizo, itoe uangalie uzi, na ubadilishe stadi zote nne za hapo.

Gari lililoinuliwa springi linahitaji jicho la ziada. Kila sentimita 2.5 za kuinua hupunguza takriban digrii 1 ya mlalo wa kingpini (kuegemea kwake nyuma), na 80 hutoka kiwandani ikiwa na digrii 3 hivi. Ukiinua sentimita 5 bila kurekebisha bushi za mikono ya mbele, usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga kwenye lami, hata kama kila beringi ni mpya na imepimwa kwa mizani.

Tufe litakuwa na utando mwembamba wa grisi tena baada ya siku chache. Uache. Kitambaa kinahitaji kuwa na kitu cha kufuta.